Kuuguza Oman, jana na leo



Wengi mnaoniandikia mnasema, "Nyie huko raha tupu, hospitali bure." Ni kweli, raia hapa anatibiwa na serikali karibu bure. Lakini kutibu ni kazi ya hospitali, kuuguza ni kazi ya nyumba. Leo nataka tuitazame hiyo kazi ya nyumba, huku Ibra, Sur na Nizwa.

Kabla ya 1970 Oman nzima ilikuwa na hospitali mbili tu, na barabara ya lami kama kilomita 10. Mgonjwa wa Ibra alipandishwa ngamia, safari ya siku kadhaa mpaka Matrah kwa madaktari wa misheni ya Kimarekani. Wengi hawakuondoka kabisa. Malaria ililaza nyumba nzima, ikaua au ikapita. Vikope vilipofua watu, na kipofu alihitaji mkono wa kumshika mpaka msikitini na mpaka kwenye falaji. Mkono huo mara nyingi ulikuwa wa mtoto.

Sultan Qaboos aliposhika nchi 1970 aliwaita Waomani walioko nje warudi. Jamaa zetu wengi waliotoka Zanzibar na bara waliingia kazini hospitali na wizarani. Kampeni ya kutokomeza malaria ilianza 1991, na ilianzia huku Sharqiyah. Mwaka 2012 Oman ikawa nchi ya kwanza duniani kuthibitishwa na WHO kuwa imevishinda vikope.

Sasa yamebaki maradhi ya kukaa na mtu miaka, na kila moja lina mzigo wake. Selimundu: uchunguzi wa 1995 ulionyesha watoto kama 6 kati ya 100 wamebeba chembe yake, na kuoana binamu kumeiendeleza. Mama wa mtoto huyu halali. Maumivu hayana saa. Sukari ikifika kwenye figo, mgonjwa anapelekwa kusafishwa damu mara tatu kwa wiki, kila mara kama saa nne. Hapo mzigo ni gari na mtu wa kuliendesha, naye ana kazi yake. Mzee aliyepoteza kumbukumbu anataka macho juu yake kutwa, asije akatoka usiku akaelekea wadini.

Anayebeba yote hayo aghalabu ni mwanamke mmoja: binti ambaye hajaolewa, au mkaza mwana. Wenye uwezo huajiri msaidizi wa nyumbani, pengine binti wa huko huko kwetu. Kumpeleka mzee kwenye nyumba ya wazee ni aibu ambayo familia nyingi haziwezi kuivaa.

Kwa hiyo, mkipiga simu, msimuulize hali mgonjwa peke yake. Muulizeni na anayemuuguza: amelala saa ngapi jana, na nani atampokea kesho? Na nyinyi mnaopanga harusi za binamu, pimeni damu kwanza.

Wasalaam, tutaonana inshaallah.