Nafasi Ndani ya Wimbo

Kakese ni kata ya wakulima wa mpunga katika Manispaa ya Mpanda, na masikio ya watu wake yametoka sehemu mbalimbali. Wabende na Wakonongo wana asili yao katika nchi hii ya Katavi. Wasukuma wamekuwa wakiingia kwa miongo mingi na ng'ombe wao, wakitafuta malisho na ardhi ya kulima. Reli ya kutoka Kaliua, iliyoletwa Mpanda kwa ajili ya mgodi wa madini ya risasi, nayo ilishusha wageni wake. Majirani wawili wanaweza kulima bonde moja na kukopa chumvi duka moja, lakini jioni kila mmoja akawasha muziki ambao mwenzake haoni una nini.

Jibu la haraka ni kwamba kila mtu na ladha yake. Silikubali, kwa sababu linaipa jina tofauti ileile tuliyotaka ielezwe. Ninavyoona, mtu huupenda muziki uliomwekea nafasi: nafasi ya mwili wake, ya siri yake, au ya upande wake katika ushindani. Utamu wa sauti huja nyuma, ukishafunzwa na nafasi hiyo.

Ngoma za Usukuma zinalionyesha jambo hili kuliko muziki wowote ninaoujua hapa nchini. Tangu zamani zimegawanyika pande mbili, Wagika na Wagalu, wafuasi wa waganga wawili mashuhuri, Ngika na Gumha. Mtu huingizwa upande mmoja, hupata dawa zake, na mwenye ngoma wa upande ule mwingine huwa mpinzani wake. Mavuno yakishapita, kati ya Juni na Agosti, pande hizo hukutana katika uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja. Hazipokezani. Kila upande hupiga ngoma zake kwa nguvu zote huku mwenzake akipiga zake hatua chache pembeni. Kiongozi wa nyimbo, ningi kwa Kisukuma, hutunga kwa ajili ya siku hiyo, humchokonoa mshindani, hubuni vituko vya kushangaza watu, na dawa ya mvuto iitwayo samba hutafutwa mapema. Watazamaji huvutwa huku na huko, na upande uliozungukwa na umati mkubwa ndio ulioshinda. Kwa hiyo hata aliyekuja kutazama tu ana kazi pale: aliposimama ndipo alipopigia kura. Akirudi nyumbani na wimbo wa upande ulioshinda, anarudi na ushindi alioufanya yeye.

Wasukuma hao hao wana ngoma ya jembe, bugobogobo, ambayo leo wengi huijua kama onyesho la vijana kurusha majembe juu na kuyadaka. Asili yake ni shambani. Kikundi cha wakulima kilijipanga mstari, ngoma ikatangulia, na mdundo ukagawa pumzi: hapa jembe linapanda, hapa linashuka, hapa unavuta hewa. Aliyechoka alibebwa na walio kushoto na kulia kwake. Mtu aliyelima ndani ya mstari ule anaujua wimbo kwa mgongo na mabega. Ukimchezea rekodi yake akiwa mzee, utaona mabega yanatangulia kabla ya uso kubadilika.

Pwani, mwili umeketi. Katika ukumbi wa taarabu nafasi ya msikilizaji iko ndani ya maneno. Mwimbaji anafika kwenye ubeti fulani, mwanamke anainuka kitini, anatembea taratibu hadi mbele na kumtuza, na ukumbi mzima unatazama ni nani aliyeinuka na kwa ubeti upi. Kuanzia hapo ubeti ule ni wake, na kuna mtu mwingine mle ndani anayejua umeelekezwa kwake. Siti binti Saad, aliyesafirishwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri, alipendwa kwa jambo la namna hiyo. Taarabu ya majumba ya masultani iliimbwa Kiarabu. Yeye aliimba Kiswahili, na visa vyake vilikuwa vya mji ambao wasikilizaji wake waliishi.

Nao watu wa pwani waliujua ushindani wa pande mbili. Vikundi vya ngoma ya beni, Arinoti na Marini, na sare zao na tarumbeta zao, viligawanya miji ya pwani kisha vikapenya bara pamoja na askari na wafanyakazi wa enzi za Vita Kuu ya Kwanza. Lakini tofauti ni kubwa. Msukuma huchagua akiwa ndani ya umati. Mwanamke wa ukumbini huinuka peke yake, na upendo wake kwa wimbo una gharama ya kuonekana.

Wanazuoni wa dini mbili kubwa waliliangalia swali la kwa nini wimbo humgusa mtu kutoka ndani ya moyo. Imam Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, alitenga kitabu kizima ndani ya kazi yake kubwa, Ihya, kwa suala la kusikiliza nyimbo, na hoja yake kuu ni kwamba sauti haiweki moyoni kisichokuwamo, huamsha kilichomo. Augustino, katika Maungamo yake ya karibu mwaka 400, alijilaumu kila aliposhtuka kwamba uzuri wa sauti umemgusa kuliko maneno yaliyoimbwa. Nawaheshimu wote wawili, na Ghazali naona yuko karibu sana na ukweli. Ila wote humchukua msikilizaji kama mtu aliye peke yake na Mungu wake. Mwanakwaya hayuko hivyo. Amepangwa: sauti ya kwanza, ya pili, teno au besi. Aliyeimba besi kwa miaka mingi huusikia wimbo kutokea chini, na hata kwenye redio sikio lake huitafuta kwanza sauti yake. Kilichomo moyoni, ambacho Ghazali anasema huamshwa, kwa sehemu kubwa kiliwekwa na wenzetu waliotusogezea nafasi katika safu.

Utafiti mmoja unaniunga mkono. Mwaka 2016 Josh McDermott na wenzake walichapisha katika jarida la Nature majibu ya Watsimane wa Bolivia, watu wa msitu wa Amazon ambao uimbaji wao wa jadi hauna sauti zinazopangwa pamoja. Walisikilizishwa sauti zinazopatana na zinazogongana, kama sisi tunavyozigawa. Zote waliziona nzuri sawasawa. Kile ambacho mwanakwaya wa Mpanda hukiona kizuri kwa asili yake kinahitaji sikio lililowahi kukaa ndani ya upatanifu huo.

Lipo pingamizi zito, nalo linatoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika. Rumba ya Kongo inapendwa kote Tanzania na watu wasiojua neno la Kilingala. Nafasi yao iko wapi? Sehemu ya jibu ni sebene, ambayo wanamuziki wetu wa dansi huiita chemko: maneno yanapungua, magitaa yanashika usukani, na mwili hauhitaji tafsiri. Remmy Ongala, aliyezaliwa Kindu mwaka 1947 na kuja Dar es Salaam mwaka 1978, aliongeza maneno ya Kiswahili juu ya magitaa hayo, akaingiza humo maskini na wagonjwa wa mjini, na mapenzi ya watu kwake yakazidi yale ya dansi. Hata hivyo mwanzo wa polepole wa rumba, kabla ya chemko, nao humshika mtu asiyeelewa kitu. Hapo hoja yangu inapungukiwa, na siwezi kuilazimisha.

Katumba, makazi yaliyofunguliwa katika nchi hii ya Mpanda kwa wakimbizi wa Burundi wa mwaka 1972, nayo inanilazimisha niipanue hoja hiyo. Mwaka 2014 wengi wao walianza kupokea vyeti vya uraia wa Tanzania, na mwaka huohuo UNESCO iliorodhesha ngoma ya kifalme ya Burundi kuwa urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu. Ufalme wenyewe ulikuwa umekwisha mwaka 1966. Aliyezaliwa Katumba hakuwahi kusimama mbele ya ngoma ya mfalme. Akiipenda, anaipenda kwa nafasi aliyorithishwa na mzazi aliyemsimulia. Nafasi hurithika, basi, kama vile shamba.

Wazee husema vijana wameziacha ngoma kwa ajili ya Bongo Fleva na singeli. Mimi nawaona vijana wale wakicheza ngoma shuleni siku ya mgeni rasmi: sare za kushona, dakika chache, hakuna mpinzani, na watazamaji wameketi kwenye viti ambavyo hawaruhusiwi kuvihama. Mdundo ni uleule wa babu zao, na hakuna anayeshindwa wala kushinda. Wimbo wa Kisukuma unaoishi leo uko kwenye memori kadi na spika za harusi, kwa waimbaji kama Bhudagala Mwanamalonja na wenzake, wanaoingiza ndani ya wimbo majina ya wenye shughuli, baba zao na kijiji chao, na vijana wanaosemekana wameacha asili huucheza mpaka asubuhi.