Shanga 21

Mwaka jana nilipimwa virusi vya ukimwi katika kliniki moja mtaani. Sista alinitoboa kidole, akadondosha damu kwenye kile kijikaratasi, akasema, "Subiri dakika 15, kijana." Kabla karo haijanishinda nilisoma bayokemia mwaka mmoja na nusu, basi nikamuuliza: humu ndani mna virusi? Akacheka. "Ati virusi! Nani angekubali kukaa nacho mezani?"

Nilirudi nyumbani nikasoma.

Kipimo kile hakitafuti virusi. Kinatafuta kingamwili ambazo mwili huunda baada ya kuambukizwa, na ili kuzinasa lazima uzionyeshe sura ya adui. Vipimo vya kwanza, vilivyoidhinishwa Marekani Machi 1985, vilionyesha adui mzima: virusi halisi vilivyokuzwa ndani ya seli nyeupe za damu ya binadamu, vikauawa na kupasuliwa. Shida ni kwamba vilitoka na mabaki ya seli hizo. Sasa, mwanamke aliyezaa mara kadhaa anaweza kuwa na kingamwili dhidi ya protini za seli za watu wengine, kwa sababu kila mimba huja na protini za upande wa baba. Kingamwili hizo zilishika mabaki, rangi ikabadilika, na mama asiye na virusi akaonekana anavyo. Mamangu alizaa watoto sita. Hebu fikiria kuambiwa hivyo mwaka huo, kabla ya kipimo cha pili kuja kukanusha, na dawa hakuna.

Njia ya kutokea ilikuwepo tayari. Tangu 1963, Bruce Merrifield wa New York alikuwa ameonyesha jinsi ya kuunganisha asidi amino moja baada ya nyingine, kama mtu anayetunga shanga. Alipewa Nobel ya kemia 1984. Mwaka 1986 Chang Yi Wang na wenzake wakachapisha habari za peptidi ya asidi amino 21 tu, nakala ya kipande cha gp41, protini ya utando wa virusi. Seli hakuna, virusi hakuna, na bado kingamwili za wagonjwa ziliitambua.

Lakini shanga 21 ni chache. Mwaka 1994 iliripotiwa Ufaransa kwamba vipimo kadhaa, hasa vya peptidi, viliikosa damu ya wagonjwa wenye asili ya Kamerun. Walikuwa na virusi vya kundi O, ambavyo gp41 yake ni tofauti. Virusi vizima vilikosea kwa kusema ndiyo, kipande kikakosea kwa kusema hapana. Mimi naogopa zaidi hiyo hapana, maana mtu huenda nayo nyumbani akiwa ametulia. Ikabidi watengenezaji waongeze vipande vya kundi O.

Siku ile kwangu ulitokea mstari mmoja. Nikainuka. "Kaa kwanza," sista akasema. "Rudi baada ya miezi 3, kingamwili huchukua muda."