Kuponi za Unga: Kutoka Vijiko vya Bibi Harusi Mpaka Mashine za Figo



Sisi kukusanya vyombo kidogo kidogo tunakujua. Leo sahani, mwezi ujao hotpoti, mpaka kabati linajaa. Wanawake wa Marekani nao walikuwa na njia yao, na ilitoka ndani ya mfuko wa unga wa ngano.

Mwaka 1921 kampuni ya Minneapolis iliyosaga unga wa Gold Medal ilibuni jina la Betty Crocker. Mwanamke huyo hakuwahi kuwepo. Ni jina tu la kujibia barua za akina mama waliouliza mambo ya mapishi. Mwaka 1929 wakaanza kutia kuponi kwenye unga. Unazikusanya, unazituma kwa posta, unaletewa kijiko. Wako waliopata seti nzima hivyo, kijiko leo, uma kesho.

Hapo ilikuwa biashara tu. Lililonigusa ni lililofuata. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, watu walikusanya kuponi zile zile kununulia mashine za kusafisha damu za wagonjwa wa figo. Hebu fikiria, mgonjwa anasubiri mashine na mtaa mzima unakata karatasi kwenye maboksi ya keki! Mama asiye na senti ya kutoa sadaka alipata cha kutoa, maana unga angenunua tu. Uzuri wake naukubali. Lakini uhai wa mtu kungojea unga uuzwe, hapo roho yangu inasita.

Mwaka 1973 kampuni ya supu ya Campbell ikaleta mpango wake: shule ikikusanya lebo za makopo inapata vifaa. Kisha 1996, huko California, wenye Betty Crocker wakaanzisha Box Tops. Kila kipande kilichokatwa kwenye boksi la nafaka za asubuhi kiliipa shule senti 10.

Mimi ni mfanyabiashara, lazima nipige hesabu. Chukua boksi la dola 4: senti 10 zinakwenda shule, dola 3 na senti 90 zinabaki kwa wauzaji. Dola moja ukimpa mwalimu mkononi ni sawa na maboksi kumi. Kwa aliyekuwa ananunua kwa mahitaji yake, hiyo ni heri ya bure. Aliyejaza kabati kwa ajili ya karatasi, huo ni israfu. Halafu vile vipande vilikuwa na tarehe ya mwisho, na shule zenye wazazi wa kununua sana ndizo zilizokuwa na vingi vya kukusanya.

Kuponi za Betty Crocker zilisimama 2006, za Campbell 2016. Box Tops ipo bado, ila tangu 2019 imehamia kwenye simu: mama anapiga picha risiti, programu inatafuta bidhaa zinazohusika na kuiandikia shule senti zake. Mkasi hautakiwi tena.