Ukungu wa Vita

Ng'ambo ya mto, kwenye ramani iliyotandazwa mezani, rafiki yangu alikuwa amepanga kete tano nyekundu. Ni vipande vya mbao vya mraba, vimesimamishwa wima. Upande mmoja wa kila kete una kibandiko kinachotaja kikosi na nguvu zake, na upande huo humtazama mwenye kete peke yake. Mimi niliyekaa mkabala naye naona mgongo tu. Nilijua pale Beauport kuna kitu. Ni kitu gani, sikujua. Nikahamishia huko karibu jeshi langu lote la Wafaransa. Tulipolaza kete ili tupigane, tatu kati ya zile tano zilikuwa bandia, hazina hata askari mmoja.

"Bwana, wenzako wameshapanda huku juu," akasema, kidole chake kikiwa kwenye uwanda wa Abraham.

Mchezo huo unaitwa Quebec 1759, nao ulitoka Kanada mwaka 1972. Kosa langu lina historia. Usiku wa kuamkia Septemba 13, 1759, manowari za Waingereza zilijifanya zinashusha askari Beauport, na Jenerali Montcalm wa Wafaransa akabakiza sehemu kubwa ya jeshi lake kulinda upande ule. Wakati huo Wolfe, jenerali wa Waingereza, alikuwa akipandisha watu wake gengeni, juu ya mji.

Hali hiyo ya kuamua huku huoni sawasawa ina jina katika lugha za kijeshi, na kwa Kiswahili nasema iitwe ukungu wa vita. Wapo wanaopendelea giza la vita, kwa kuwa giza ni neno zito na ukungu ni neno la asubuhi tu. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao.

Aliyetumia barabara ya Njombe alfajiri ya mwezi wa sita atanielewa upesi. Dereva wa basi amewasha taa zote, anakwenda taratibu. Mbele kuna umbo. Ng'ombe? Mtu na baiskeli? Lori lililoharibika? Umbo analiona wazi, tena linaonekana kubwa kuliko lilivyo, na uamuzi wa kukanyaga breki hauwezi kusubiri mpaka alitambue. Kwenye giza asingeona kitu, na asiyeona kitu hadanganyiki kwa anachokiona. Ukungu unakupa nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayokuponza. Zile kete tano zilinishinda kwa sababu niliziona.

Carl von Clausewitz, ofisa wa Prussia ambaye kitabu chake kuhusu vita kilianza kuchapishwa mwaka 1832, mwaka mmoja baada ya kifo chake, alilijua hilo. Alikadiria kwamba robo tatu ya mambo ambayo kamanda huyategemea yamefunikwa na ukungu wa mashaka. Mahali pengine akautaja ukungu pamoja na mbalamwezi, kwamba vyote viwili huvipa vitu ukubwa usio wao. Hakuzungumzia giza totoro. Alizungumzia mwanga mbovu.

Prussia hiyohiyo ndiko mchezo wa vita ulikopata umbo lake la kisasa. Mwaka 1824 ofisa kijana aitwaye von Reisswitz alitoa kanuni za mchezo unaochezwa kwenye ramani ya kipimo cha 1:8000, wenye dadu na mwamuzi. Mwamuzi huyo ndiye aliyekuwa ukungu wenyewe. Wachezaji walimpa amri zao kwa maandishi, naye aliweka mezani vile vikosi tu ambavyo upande wa pili ungeweza kuviona. Kete za kusimama wima zimeturahisishia: watu wawili wanacheza bila mtu wa tatu.

Sisi tuliolelewa kwenye bao tunaliona jambo hili kuwa geni. Katika bao kete zote 64 ziko wazi. Ugumu wake uko katika kuhesabu mbele, na anayeshindwa hawezi kusema alifichwa. Ndiyo maana msamiati wetu wa michezo una namua, mtaji na nyumba, lakini hauna neno la kikosi kinachoonekana bila kujulikana. Neno hilo inabidi tulichukue kwenye hali ya hewa.

Giza nalo lina kazi yake. Katika michezo ya vita ya kompyuta, sehemu ya ramani ambayo hujaifikia huwa nyeusi kabisa. Hiyo iitwe giza. Sehemu uliyokwisha kupita, lakini kwa sasa huna mtu wa kuitazama, huwa ya kijivu: milima unaiona, adui aliyeingia nyuma yako humwoni. Huo ndio ukungu. Tukiyatumia maneno yote mawili kwa jambo moja tutaipoteza tofauti hiyo.

Kuna wanaoniambia ukungu ni ule unaoota kwenye mkate. Ni kweli, lakini mkate hauko vitani, na hakuna atakayechanganya. Faida yake ni kubwa zaidi, maana neno hili linakuja na vitenzi vyake tayari: ukungu hutanda, huwa mzito, hupungua, huyeyuka. Ukituma wapelelezi, ukungu umepungua. Wakiuawa, umetanda tena.

Mezani petu neno hili limeshazoeleka. Kabla ya kulaza kete, rafiki yangu huniuliza, "Tuuondoe ukungu?" nami huzitazama tena zile kete zilizonipa mgongo kabla sijamjibu.