Kuunda ndege za kivita za mfano: Karakana yaweza kuwa Lucky Summer, lakini anga iko kwingine

MKAZI wa Lucky Summer, eneobunge la Ruaraka, hashtuki anaposikia ngurumo angani. Kambi ya wanahewa ya Moi, Eastleigh, iko umbali wa takriban kilomita sita tu upande wa kusini-magharibi, na helikopta za jeshi ni sehemu ya sauti za mtaa huu sawa na honi za matatu za Baba Dogo. Haistaajabishi basi kwamba kijana aliyelelewa chini ya anga kama hiyo akatamani ndege yake mwenyewe.

Uraibu wa kuunda na kurusha ndege za kivita za mfano ni mojawapo ya njia za kuitimiza hamu hiyo. Ndege ya mfano ni nakala iliyopunguzwa kwa uwiano maalumu, mathalani moja kwa kumi, ya ndege iliyopata kuwepo. Umbo la mabawa, rangi, hata nambari za ubavuni hufuata ile ya asili. Tofauti na mapambo ya kuwekwa rafuni, hii huruka kwa nguvu za mota ndogo, na mwenyewe huiongoza kutoka ardhini kwa rimoti ya mawimbi ya redio.

Kosa la kwanza la wanagenzi ni kudhani kwamba kitu kikipunguzwa mara kumi, kila jambo lake hupungua mara kumi. Sivyo. Chukua Hurricane ya Waingereza, iliyokuwa na mabawa ya upana wa mita 12.2 kutoka ncha hadi ncha, na uzani wa takriban kilo 3,000 ikiwa tayari kwa vita. Nakala ya moja kwa kumi itakuwa na upana wa sentimita 122. Eneo la mabawa hupungua mara mia moja, na uzani, lau ungefuata hesabu hiyo hiyo, ungepungua mara elfu moja hadi kilo tatu. Ndege ndogo ya kilo tatu yenye mabawa hayo yahitaji mwendo wa zaidi ya kilomita 50 kwa saa ili isianguke tu, sembuse kugeuka. Ndiyo maana waundaji hupigania wepesi kuliko kitu kingine chochote. Nakala hiyo ikiwa na kilo moja na nusu au chini ya hapo, hutulia angani kwa mwendo wa chini ya kilomita 40 kwa saa, na rubani hupata nafasi ya kufikiri.

Nairobi huongeza ugumu wake. Jiji liko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kwa takriban asilimia 15 ikilinganishwa na ya Mombasa. Joto la mchana huipunguza zaidi. Bawa hupata kitu kichache cha kuegemea na rafadha, yaani propela, hupata hewa chache ya kusukuma. Injini za mafuta hudhoofika kwa kukosa oksijeni. Mota za umeme haziathiriki kwa namna hiyo, hivyo mwenye mota ya umeme hufidia kwa kufunga propela kubwa kidogo. Maelekezo yanayoandikwa kwenye maboksi ya vifaa kutoka ng'ambo aghalabu huandaliwa kwa watu wa nchi tambarare za pwani. Ayafuataye neno kwa neno hapa Nairobi huenda akashangaa ndege yake ikikimbia ardhini bila kuinuka.

Kuhusu malighafi, Eastlands haina uhaba. Zamani ndege hizi zilijengwa kwa balsa, mti mwepesi wa Amerika Kusini ambao huku ni ghali na adimu. Siku hizi waundaji wengi duniani wamehamia kwenye povu gumu. Lile jeupe linalozuia friji na runinga zisigongwe ndani ya maboksi hufaa kwa mabawa, mradi likatwe kwa waya mwembamba uliopashwa moto kwa betri. Mbao za povu zilizofunikwa karatasi pande zote mbili, ambazo maduka ya vifaa vya ofisini huwauzia wachoraji wa mabango, hukunjwa zikawa kiwiliwili. Fimbo ya mwanzi au spoku za baiskeli huimarisha bawa lisivunjike katikati. Gundi ya kuyeyushwa kwa moto hushika haraka lakini ni nzito, na anayeimwaga bila kipimo huongeza uzani bila kujua. Gundi nyingine za viatu huyayusha povu papo hapo. Zijaribu kwanza kwenye kipande cha kutupwa.

Visivyoweza kuundwa nyumbani ni vya kielektroniki: mota isiyo na brashi, kidhibiti mwendo, kipokezi cha redio, rimoti yenyewe, na vile vijimota vya kuvuta nyaya za usukani viitwavyo sevo. Kipimo cha kawaida ni wati 250 kwa kila kilo ya ndege ya kivita, na kwa kimo chetu ni heri kuzidisha kidogo. Rimoti za miaka ya nyuma zilitumia masafa ya megahezi 27, 35 au 72, na watu wawili wakiwasha masafa yaleyale kwa wakati mmoja, ndege moja ilianguka. Za sasa hutumia gigahezi 2.4 na hurukaruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine, hivyo hatari hiyo imepungua. Hata hivyo, intaneti isiyotumia waya ya majumbani hutumia masafa hayo hayo, na mtaa wenye msongamano wa nyumba una vifaa vya aina hiyo chungu nzima.

Sasa ni ndege ipi ya kuigwa? Hapa ndipo uraibu huu unapoacha kuwa mchezo mtupu, kwa kuwa kila ndege ya kivita ina historia, na baadhi ya historia hiyo ilipita juu ya mitaa hii.

Hurricane ni chaguo zuri kwa mwanafunzi aliyekwisha kujua kuruka. Bawa lake ni nene na magurudumu yake yametengana vyema. Aidha ina nasaba ya Kenya: marubani wa Afrika Kusini waliirusha kutoka nchini mwaka 1940 na 1941 dhidi ya Waitaliano waliokuwa wakitawala Ethiopia na Somalia. Spitfire ni nzuri zaidi machoni, ila magurudumu yake yamekaribiana na huifanya ipinduke inapotua.

Harvard ina mabawa ya mita 12.8, pua butu na viti viwili. Iliundwa iwe ndege ya kufunzia marubani, lakini mwaka 1953 Waingereza waliikusanyia kikosi hapa Kenya, wakaifungia mabomu madogo ya takriban kilo tisa, na kuituma kuwashambulia wapiganaji wa Mau Mau katika misitu ya Nyandarua na Mlima Kenya. Mwishoni mwa mwaka huo zililetwa Lincoln, ndege kubwa za mabomu zenye injini nne na mabawa ya zaidi ya mita 36. Kituo chao kilikuwa Eastleigh, kambi ile ile ambayo leo ni ya jeshi letu. Anayeiunda Harvard kwa rangi za wakati huo anaunda chombo ambacho nyanya au babu ya jirani yake huenda alikikimbia. Hiyo si sababu ya kutoiunda. Ni sababu ya kujua unachokiunda, na kuwa na jibu mzee akiuliza.

Wapo watakaopendelea ndege zilizobeba bendera yetu. Jeshi la Wanahewa la Kenya liliundwa Juni 1, 1964. Katika miaka ya sabini lilipata Strikemaster, kisha Hunter, na mwaka 1978 F-5 za Marekani. Baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1, 1982, kikosi kilivunjwa na kupewa jina jingine, na jina la awali likarejeshwa mwaka 1994. F-5 ndizo zilizotumwa kushambulia al-Shabaab nchini Somalia mnamo Oktoba 2011. Kwa muundaji, hata hivyo, F-5 ni mtihani mgumu: nakala ya moja kwa kumi ina urefu wa sentimita 144 lakini mabawa ya sentimita 81 pekee, na huendeshwa kwa feni iliyofichwa ndani ya kiwiliwili. Haisamehe rubani mzembe.

Kuna jambo la kuchekesha katika nasaba ya F-5. Mwigizaji wa filamu Mwingereza, Reginald Denny, alikuwa na uraibu wa ndege za mfano huko Hollywood. Kampuni aliyoianzisha, Radioplane, iliuza maelfu ya ndege ndogo za redio kwa jeshi la Marekani katika Vita vya Pili vya Dunia ili wapiga mizinga wazilenge shabaha. Mwaka 1952 ilinunuliwa na Northrop, watengenezaji wa F-5. Mchezo wa watu wazima wenye muda wa ziada ndio uliochangia kuzaa ndege za kivita zisizo na rubani za leo.

Mwanafunzi asianze na yoyote kati ya hizi. Programu ya kompyuta ya kuigiza urukaji, kisha ndege ya mazoezi yenye bawa juu ya kiwiliwili, ndiyo njia ya wenye busara. Kinachowashinda wengi ni kwamba ndege inapokujia uso kwa uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Mkono hauna budi kuzoea hilo kabla ya ndege ya thamani kupaa.

Baada ya kuunda, swali ni mahali pa kurushia, na jibu halitawafurahisha wengi: si Lucky Summer. Mtaa huu umejaa mapaa ya mabati, nyaya za umeme na watoto. Ndege ya kilo moja na nusu inayokwenda kilomita 80 kwa saa hugonga kwa kishindo sawa na cha jiwe la uzani huo lililoangushwa kutoka ghorofa ya nane. Ng'ambo ya Mto Nairobi kuna jaa la Dandora, ambako korongo wakubwa wenye vipara huzunguka kwa makundi katika hewa ya joto, na hawapishi njia. Zaidi ya hayo yote, kuna kambi ya Eastleigh na helikopta zake zinazoruka chini.

Sheria nayo ipo. Kanuni za mwaka 2020 kuhusu vyombo vya angani visivyo na rubani, zinazosimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Ndege nchini (KCAA), huweka kimo cha juu cha futi 400 na kukataza urukaji karibu na viwanja vya ndege bila idhini. Mmiliki hutakiwa awe na umri wa miaka 18. Asijidanganye mtu kwamba chombo chake ni kidogo mno kutiliwa maanani. Kabla ya kuagiza chochote kutoka ng'ambo au kukirusha, na awaulize KCAA.

Hivyo basi mwenye ndege hana budi kufunga safari hadi nyanda zilizo wazi, kama za Kajiado au upande wa Konza, na kuomba ruhusa ya mwenye shamba. Mabawa ya kufunguliwa hurahisisha kuipakia kwenye matatu. Asubuhi na mapema ndio wakati bora, kabla upepo haujapata nguvu. Kabla ya kurusha, ishike ndege chini ya mabawa kwa ncha za vidole viwili, nyuma ya ukingo wa mbele kwa robo ya kina cha bawa. Iwapo mkia unazama, ongeza risasi puani. Ndege yenye pua nzito huruka vibaya, lakini yenye mkia mzito huruka mara moja tu.

Betri za lithiamu ndizo za kuogopwa zaidi nyumbani. Seli moja haipaswi kupita volti 4.2 wala kushuka chini ya volti tatu, na iliyovimba haifai tena. Seli zinazochomolewa kwenye kompyuta mbovu za jalalani hazifai, kwa maana hazikuundwa kutoa mkondo mkubwa unaohitajiwa na mota, na huweza kuwaka. Katika chumba kimoja cha mabati au ghorofani, betri huchajiwa juu ya sufuria au tofali, mbali na godoro, na mwenyewe akiwa macho.