Gdańsk: Mji wa Kale Uliojengwa na Wageni

Nilipofika Gdańsk, mji wa bandari kaskazini mwa Poland, kwenye Bahari ya Baltiki, nilidhani nimeingia katika mji wa miaka 500 iliyopita. Katika barabara ya Długa nyumba nyembamba za rangi nyingi zimesimama bega kwa bega, na mbele kidogo ipo chemchemi ya Neptune ya mwaka 1633. Kisha nikapita upande wa nyuma. Huko niliona kuta za kawaida na nguo zilizoanikwa. Kumbe ni fleti zilizojengwa baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Nikajiuliza: je, mji huu ni wa kale kweli?

Gdańsk ilitajirika kwa biashara. Nafaka iliteremshwa kwa mto Wisła, ikapakiwa melini hapa. Kando ya mto Motława ipo Żuraw, kreni ya mbao na matofali iliyojengwa kati ya 1442 na 1444. Iliendeshwa na watu waliokuwa wakitembea ndani ya magurudumu makubwa. Kabla ya vita, wakazi wengi wa mji walisema Kijerumani.

Kutoka katikati ya mji nilipanda boti hadi Westerplatte, penye lango la bandari. Tarehe 1 Septemba 1939, meli ya kivita ya Ujerumani, Schleswig-Holstein, iliipiga kwa mizinga kambi ya Poland iliyokuwa hapo. Askari wapatao 200 walistahimili siku saba. Mwaka 1945 mji wenyewe uliteketea, na sehemu za mbao za Żuraw zikaungua. Wajerumani walikimbia au walifukuzwa. Nafasi yao ilichukuliwa na Wapolandi, baadhi yao wakitoka Vilnius na Lwów, miji iliyokuwa imetwaliwa na Umoja wa Kisovyeti.

Kwangu mimi Mganda, habari za Wapolandi waliong'olewa kwao si ngeni. Katika vita hivyohivyo, maelfu ya waliotoka uhamishoni katika Umoja wa Kisovyeti walipokelewa Afrika Mashariki: Tengeru huko Tanganyika, na Koja na Masindi nchini Uganda. Kanisa walilojenga Nyabyeya, karibu na Masindi, lipo hadi leo. Nilipoliona nikiwa mdogo, sikuelewa kwa nini mkimbizi ajenge kwa matofali mahali asipokusudia kukaa. Gdańsk ilinijibu: aliyepoteza nyumba hujenga ili ajue bado ni mtu.

Kwa hiyo, kwa maoni yangu, Gdańsk si mji wa uongo. Wageni waliamua kurudisha sura ya mji ambao haukuwa wa babu zao, na kazi hiyo nayo sasa ni historia. Lakini kuta za mbele hazisemi ni nani walioishi humo na kwa nini waliondoka. Mwanafunzi wa historia akifika Gdańsk, asiishie barabarani. Apite na uani.