Volti za kumbukumbu ya kompyuta, na umeme wetu wa Kisangani

Juni 2000 haihitaji kuelezwa kwa mtu wa Kisangani. Kuanzia tarehe 5 hadi tarehe 10, jeshi la Rwanda na jeshi la Uganda yalipigana katikati ya mji wetu. Makombora zaidi ya 6,000 yalianguka, mamia ya raia wakafa, maji na umeme vikakatika. Daraja la Tshopo, jirani na mashine za umeme, lilikuwa mahali pa mapigano makali kuliko pengine pote. Tarehe 16 ya mwezi huo Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1304 kutaka majeshi hayo yaondoke.

Mwezi huo huo, mbali sana na hapa, JEDEC, shirika linalopanga vipimo vya vifaa vya elektroniki, lilitoa kanuni ya aina mpya ya kumbukumbu ya kompyuta. Iliitwa DDR. Kati ya namba nyingi za kanuni ile kuna moja inayotuhusu leo: volti 2.5. Hicho ndicho kiasi cha umeme ambacho kumbukumbu ile ilipaswa kupewa. Katika miaka iliyofuata, vijana wengi wa Ulaya, Marekani na Asia waliichokoza namba hiyo kwa penseli na kwa lehemu.

Ndugu wasikilizaji na wasomaji, naandika habari hii kwa sababu ya swali ambalo mumeniuliza zaidi ya mara moja: fundi anaweza kuongezea karte-mere volti ili kompyuta ivumilie umeme mdogo wa SNEL? Jibu ni hapana, lakini kuna historia nyuma ya swali lenyewe. Ufundi wa kuongeza volti kwenye kumbukumbu ulikuwepo kweli. Ila haukutengenezwa kwa ajili ya tatizo letu.

Tuanze na tatizo letu. Mitambo ya Tshopo ilianza kujengwa miaka ya 1950, wakati mji ulikuwa bado unaitwa Stanleyville. Ina mashine tatu, na zote zikizunguka vizuri hazifiki megawati 20. Mji umepanuka komini kwa komini, na mashine ni zile zile. Ndiyo maana jioni, watu wakiwasha majiko, taa inageuka nyekundu kama kaa la moto. Waya unaopaswa kuleta volti 220 unaleta pungufu kabisa. Mwenye uwezo ananunua regilatere, lile sanduku lenye mshale linaloinua umeme mdogo uwe wa kutosha.

Ndani ya kompyuta umeme unashuka ngazi. Kwanza sanduku la alimentasio linapokea ule wa ukutani na kuugeuza kuwa volti 12, volti 5 na volti 3.3. Kisha kwenye karte-mere kuna kifaa kidogo kinachoushusha tena hadi 2.5 kwa ajili ya bareti za RAM. Umeme wa ukutani ukipungua kidogo, alimentasio inajitahidi na bareti hazijui lolote. Ukipungua sana, alimentasio inazima na kompyuta inalala. Hakuna hatua ya katikati ambapo RAM inapata njaa kwa sababu mtaa mzima unapika. Kwa hiyo mtu anayekuomba franka ili aongeze volti ya RAM dhidi ya SNEL anatibu mguu wakati kinachouma ni jino.

Sasa wale vijana walitaka nini? Walitaka mwendo. Kompyuta huuzwa na mwendo uliopangwa na kiwanda, na wao waliisukuma ipite hapo. Kumbukumbu ya aina hii huhifadhi kila alama kama chaji ndogo sana ya umeme, na vijiswichi vyake hufunguka na kufunga haraka zaidi vikipewa volti zaidi. Chipu nyingine hazikujali nyongeza hiyo. Nyingine ziliipenda mno. Iliyojulikana kuliko zote ilitengenezwa na Winbond ya Taiwan na iliitwa BH-5: ukiipa zaidi ya volti 3, ilikimbia kwa namna ambayo kiwanda hakikuiahidi. Lakini karte-mere nyingi za siku zile hazikuruhusu kufika hata volti 3. Mwenye karte-mere alikuwa na farasi na hana barabara.

Njia waliyoipata ni ya akili, na mama yeyote anayepika sombe ataielewa. Kile kifaa kidogo kinachotoa volti 2.5 hakitoi kwa kukisia. Kinaonja. Sehemu ndogo ya umeme kinaoutoa inarudi kwake kupitia vizuizi viwili vidogo, nacho kinailinganisha na kipimo kilichomo ndani yake. Kikionja na kukuta chumvi ni kidogo, kinaongeza, ikizidi, kinapunguza. Vijana hawakugusa chungu, waligusa ulimi. Walipunguza ukinzani wa kizuizi kimoja, kile kinachoelekea ardhini, hivyo kila mara kifaa kilionja chumvi pungufu kuliko iliyomo, kikaongeza, kikaongeza, hadi volti 3 na zaidi.

Wa kwanza wenye haraka walifanya hivyo kwa penseli. Risasi ya penseli ni grafiti, na grafiti inapitisha umeme. Ukisugua penseli juu ya kizuizi, ukinzani wake unashuka. Ukikosea, unafuta kwa kifutio. Chombo chenyewe kilikuwa cha mtoto wa shule ya msingi. Waliotaka uhakika waliunga kwa lehemu waya mbili nyembamba na kizuizi cha kuzungusha, kama kile cha sauti ya redio, kisha wakaongeza polepole huku ncha za multimetre ziko mahali pake. Kuna waliochomoa umeme moja kwa moja kutoka kwenye laini ya volti 3.3 ya alimentasio.

Viwanda viliona, na havikukasirika kwa muda mrefu. Biashara ni biashara. Mwaka 2004 OCZ ilianza kuuza kifaa kilichochomekwa kwenye nafasi tupu ya RAM, chenye namba zinazowaka na kitufe cha kuzungusha, ambacho kiliinua volti bila lehemu. Mwaka 2005 DFI ya Taiwan ilitoa karte-mere za LANParty zilizoweza kutoa hadi volti 4.0, kwa kuchagua tu. Kilichokuwa siri ya meza za mafundi kikawa mstari kwenye kitabu cha maelekezo.

Joto lilikuwa bei yake. Moto wa chipu haupandi sawa na volti, unapanda kwa kujizidisha: ukitoka 2.5 kwenda 3.5 umeongeza mara 1.4, lakini joto linakaribia mara mbili, hata kama mwendo ni ule ule. Ndiyo maana picha za wakati ule zinaonyesha feni juu ya kila kitu. Chipu nyingi zilikufa kimya kimya.

Naona ni haki kuwasifu kwa jambo moja: walijifunza kupima kabla ya kuamini. Lakini walichohatarisha kilikuwa mchezo wa video wenye kasi kidogo zaidi, na ukutani kwao kulikuwa na umeme usiotikisika.

Tena, sehemu ya uthabiti wa karte-mere zile ilitoka ardhini kwetu. Vifaa vidogo vinavyotuliza volti, vinavyoitwa kapasita, vingine hutengenezwa kwa tantali, na tantali hutoka kwenye koltani. Mwishoni mwa mwaka 2000 bei ya koltani duniani ilipanda mara kadhaa kwa sababu viwanda vya elektroniki vilikuwa vinaigombania, kisha mwaka 2001 ikaporomoka. Kivu ilichimbwa usiku na mchana. Kisangani yetu iligombaniwa zaidi kwa almasi, lakini ripoti ya wataalamu wa Umoja wa Mataifa ya Aprili 2001 iliyataja madini hayo yote pamoja. Kijana aliyekuwa anasugua penseli yake hakujua hilo, na simlaumu.

Mwisho wa ufundi huu una tarehe. Novemba 2008 Intel ilitoa prosesa za Core i7 ambazo msimamizi wa kumbukumbu alihamia ndani ya prosesa yenyewe, na ikaonya kwamba RAM ikipewa zaidi ya volti 1.65 prosesa inaweza kuharibika. Kwa mashine za Intel, kabla ya hapo ulihatarisha zaidi bareti. Tangu hapo ulihatarisha moyo wa mashine. Wakati huo huo kanuni zenyewe zilikuwa zinashuka: DDR2 volti 1.8, DDR3 volti 1.5, DDR4 volti 1.2, na DDR5 iliyotangazwa mwaka 2020 volti 1.1. Kwenye DDR5 kifaa kinachoonja hakikai tena kwenye karte-mere, kimehamia juu ya bareti.

Mbona basi jambo la zamani hivi litushughulishe? Kwa sababu kompyuta nyingi zinazopiga chapa na kuskani kwenye vibanda vyetu ni za mtumba, na hakuna anayejua zilikofanyiwa kazi kabla. Tena, kumbukumbu iliyopewa volti isiyo yake haianzi kwa kutoa moshi. Inaanza kwa kukosea. Alama moja inageuka, na faili linahifadhiwa likiwa na kosa bila mtu kuambiwa.

Familia zilizokimbia tangu mgogoro wa Mbole na Lengola ulipozuka Februari 2023 zinaelewa uzito wake. Mtu aliyeacha nyumba Lubunga akavuka na mtoto mgongoni, mara nyingi karatasi zake zilizobaki ni zile alizopiga picha au kuskani: cheti cha shule, hati ya kiwanja, kadi ya ubatizo. Faili la picha likiharibika sehemu moja, pengine halifunguki tena. Na asili yake ilishaungua.

Kwa hiyo, wenye vibanda na mafundi wa mtaani, fanyeni hivi. Mkifungua kompyuta ya kizamani mkaona waya nyembamba zisizo za kiwanda, kizuizi cha kuzungusha kilichobandikwa kwa gundi, au weusi wa penseli karibu na nafasi za RAM, msiweke bareti kwanza. Pimeni. Kwa DDR mnatafuta kati ya 2.5 na 2.6, kwa DDR2 ni 1.8, kwa DDR3 ni 1.5. Kisha mwendeshe Memtest86, programu ya bure inayoandika na kusoma kumbukumbu nzima tena na tena. Inafaa iende saa kadhaa, na najua maana ya saa kadhaa za umeme katika mji huu. Chagueni usiku ambao mtaa wenu una zamu. Kosa moja tu likitokea kwenye skrini, bareti hiyo isiguse karatasi ya mtu.

Nanyi mnaopeleka karatasi kuskaniwa, ombeni nakala mbili kwenye vifaa viwili tofauti, na mzifungue zote mbili mbele ya mwenye kibanda kabla hamjalipa.